Nyumba ya Fito

Kila asubuhi Meinrad Furrer aliufuta ukuta kabla ya kumwamsha mkewe. Tangu vuli iingie, maji yalikuwa yakichuruzika kwenye mbao za banda, na ukungu mweusi ulirudi hata pale alipopasugua jana yake kwa siki. Banda lilikuwa la mbuzi. Mbuzi waliuzwa mwaka ule mlima ulipoporomoka na nyumba ya Meinrad na mkewe, na serikali ikachora mstari mwekundu kwenye ramani: hakuna mtu kurudi kuishi huko. Mstari waliuchora upesi. Pa kuwaweka watu hawakupachora.

"Umeshamwogesha?" Theres aliuliza kitandani, macho kafumba.

"Nani?"

"Mke mwenzangu. Ukuta."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukatika mpaka Meinrad alipomwinua na kumwegemeza kifuani pake. Daktari wa mjini Altdorf alikwishasema bila kuzunguka: mapafu haya hayatavuka baridi nyingine ndani ya unyevu huu. Meinrad akamuuliza ampeleke wapi. Daktari akatazama saa yake.

Nje ya banda, kwenye kiwanja alichoachiwa Theres na baba yake, zilisimama fito. Katika nchi ile ndivyo inavyofanyika. Anayetaka kujenga husimamisha kwanza umbo la nyumba kwa fito, kila pembe na kimo chake, na juu hupigilia vipande vya mbao kuonyesha paa litakavyoinama, ili jirani aione nyumba kabla haijakuwepo na aseme kama inamkera. Mpaka muda wa pingamizi uishe na halmashauri iamue, hakuna ruhusa kuzigusa.

Siku za jua Theres aliomba abebewe kiti mpaka katikati ya fito. Alikaa pale na blanketi magotini, akipanga.

"Jiko hapa. Dirisha lile pale, nikiosha vyombo nione ziwa."

"Na mimi nikae wapi?"

"Wewe utakuwa unaosha vyombo."

Aliyekerwa alikuwa mmoja tu. Bwana Wettstein, wakili mstaafu wa Zürich, alikuwa na nyumba ya vioo juu kidogo ya kiwanja, ya kuja mwisho wa wiki. Meinrad alimfuata kwenye uzio, kofia mkononi.

"Jirani, mimi sina ugomvi na wewe," alisema Wettstein. "Wewe binafsi nakuheshimu sana. Ni hilo paa."

"Nilishushe kiasi gani?"

"Shida si kiasi."

"Ila?"

"Ni kuwepo kwake."

Basi Meinrad akashuka kijijini, kwenye baa, ambako Sepp Herger, mwenyekiti wa halmashauri, alikuwa akicheza karata na wenzake. Herger na Meinrad walikaa dawati moja shuleni. Siku hizi Herger alikwenda kuwinda swala wa milimani na Wettstein kila Septemba.

"Meinrad! Keti ndugu yangu, unywe kahawa."

"Sikuja kunywa. Mke wangu anakufa, Sepp."

Mmoja akashusha karata yake polepole, maana zamu ilikuwa yake.

"Sheria ni ya wote," alisema Herger. "Mtu akipinga, tunamsikiliza. Mimi hapa nimefungwa mikono."

"Imefungwa, lakini karata unashika."

Wengine walicheka, Herger naye akacheka, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Akainama, akashusha sauti. "Sikiliza. Hana hoja yule, anapiga kelele tu. Muda unaisha Jumatatu. Fito zikibaki zimesimama mpaka hapo, kibali nitakitia sahihi mwenyewe, na msingi utauchimba kabla ardhi haijaganda. Umenielewa? Zisimame tu."

Jumamosi upepo wa moto ulishuka kutoka milimani, ule unaong'oa mabati na kuwaumiza watu vichwa. Meinrad alishinda nje akikaza kamba, akihama kutoka fito moja kwenda nyingine kama mtu anayechunga ng'ombe wakorofi. Mchana aliingia bandani kunywa maji. Theres alikuwa ameketi kitandani, mdomo wazi, midomo imekuwa bluu. Hakuweza kusema. Alikuwa akionyesha kifua kwa kidole.

Gari la wagonjwa lilipanda kwa king'ora, likakwama kwenye kona. Fito ya pembeni ilikuwa imesimama ukingoni kabisa mwa kijia.

"Mzee, itoe hiyo!" alipiga kelele dereva.

"Haitolewi."

"Unasemaje?"

"Hairuhusiwi. Mpaka Jumatatu. Mbebeni kwa machela, mimi nitasaidia."

Dereva alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyerukwa na akili. "Mashine ya hewa iko humu ndani, mzee. Huko bandani kuna mtu au hamna?"

Meinrad aliikumbatia fito akaing'oa. Ilimwangukia begani, akaisukuma kwenye majani, gari likapita. Alipoinua kichwa aliona, nyuma ya vioo kule juu, Bwana Wettstein amesimama na simu ameinyanyua. Meinrad alidhani anawapigia watu waje kusaidia. Akampungia mkono kumshukuru.

Alirudi kutoka hospitali jioni, akaisimamisha fito kwenye tundu lake, akashindilia mawe.

Jumatatu aliitwa ofisini. Karani wa ujenzi, kijana aitwaye Walker, alikuwa ameshaweka mezani picha iliyopigwa kutoka nyumba ya vioo. Herger alikuwa akitazama dirishani.

"Fito hazikuwa kamili ndani ya muda," alisema Walker. "Kwa hiyo tangazo linatoka upya. Muda unaanza mwanzo."

"Lilikuwa gari la wagonjwa. Si linaonekana hapo kwenye picha?"

"Linaonekana."

"Basi?"

"Kifungu hakitaji gari la wagonjwa, Bwana Furrer."

"Nani kakiandika kifungu hicho?"

Herger ndiye aliyejibu, bado yuko dirishani. "Sisi, Meinrad. Kwenye mkutano wa kijiji. Wewe mwenyewe uliinua mkono, nilikuona."

Ni kweli aliinua. Mwaka ule matajiri wa mjini walikuwa wakisimamisha fito usiku, wanazing'oa asubuhi kabla watu hawajaamka, kisha wanajenga majumba marefu kuliko walivyoonyesha.

"Mlituambia ni ya kuwazuia wao," alisema Meinrad.

"Ilikuwa ya kuwazuia wao."

"Na Wettstein ana kwake tayari. Sepp, ardhi ikishaganda sichimbi kitu mpaka masika. Unajua hilo. Masika Theres atakuwa wapi?"

Herger aligeuka. Macho yalikuwa mekundu kidogo. "Nikikuachia wewe, kesho yeye anatupeleka mahakamani, na atashinda. Unataka nifanyeje?"

"Nataka ufanye kazi tuliyokuchagulia."

Walker akairudisha picha kwenye bahasha.

Hospitali ilimrudisha Theres wiki ile ile, pamoja na mtungi wa hewa. Walihitaji kitanda kwa mgonjwa mwingine. Meinrad alikuwa amepigilia turubai ukutani na kuwasha jiko la kuni mpaka banda likawa na joto, na joto likatoa maji zaidi kwenye mbao. Theres hakupanga tena mambo ya jiko. Mara moja tu aliuliza kama fito zimesimama, Meinrad akasema zimesimama. Theluji ya kwanza ilipoanguka, alikufa akiwa ameshika ukingo wa turubai.

Katika bonde lile maiti hulazwa nyumbani na majirani huja, wanasali rozari, wanachovya kitawi kwenye maji ya baraka na kumnyunyizia marehemu. Walikuja. Walikaa wanne wanne, maana banda halikutosha. Wengine walisali nje kwenye theluji. Bwana Wettstein naye alikuja, amevaa koti jeusi zuri. Alinyunyiza maji taratibu, akaushika mkono wa Meinrad kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, jirani. Kama kuna jambo lolote ninaloweza kufanya..."

"Lipo."

"Sema tu."

"Ondoa pingamizi."

Wettstein aliachia mkono. Akakirudisha kitawi kwenye bakuli, akakilaza vizuri.

"Hayo ni mambo mawili tofauti," alisema kwa upole.

Siku ya maziko gari la maiti lilisimama barabarani chini, kwa sababu ya kona. Meinrad alitangulia, akaenda moja kwa moja kwenye fito ya pembeni, akaikumbatia.

"Bwana Furrer, tafadhali." Alikuwa Walker. Alikuwa amekuja mazikoni kama wengine. "Ukiitoa, tunaanza upya tena. Nakuonea huruma wewe."

Watu walisimama. Jeneza lilikuwa mabegani mwa wanaume wanne wa kikosi cha zimamoto cha kijiji, Herger mbele upande wa kulia. Kando ya kijia theluji ilikuwa ya magoti na chini yake mtaro. Palibaki njia moja.

"Tupitie humo ndani," alisema Herger. "Polepole, jamani. Msiguse kitu."

Wakaingia kiwanjani. Walipita panapotakiwa kuwa sebule, wakapinda jikoni, wakiinama chini ya kamba, pumzi zao zikitoka nyeupe. Meinrad alifuata nyuma.

"Kushoto kidogo," alisema Herger. "Kidogo tena. Hapo."

Jeneza lilipofika kwenye pembe, palikuwa pamebana. Walker akasogea upesi. Alivua kofia, akaiweka kifuani kwa mkono mmoja, akainamisha kichwa. Kwa mkono wa pili akaishikilia fito, kwa nguvu, isije ikatikisika.