Ng'ombe wa Chuma wa Mzee Pontien

Mzee Pontien wa Euless alikuwa mfugaji mashuhuri, na mifugo yake yote ililala kabatini, kila mmoja amefungwa kwa kitambaa laini cha flaneli.

Mkataba wa nyumba yao ya kupanga ulikataza mbwa wakubwa, paka wa aina zote na jiko la mkaa barazani. Kuhusu bastola ulikaa kimya. Mzee Pontien, mtu mtiifu kwa sheria, alisomewa mkataba huo na binti yake Alida hadi ukurasa wa mwisho, akahitimisha kwamba mtu wa Ruyigi, kule Burundi, hawezi kuishi Texas bila mifugo, na kwamba mifugo iliyoruhusiwa ni hiyo.

Hakuzipenda bastola za kisasa, zile nyeusi za pembe nne, ambazo alisema zinafanana na kitasa cha mlango. Alipenda rivolva: tumbo la duara linalozunguka, mtutu mrefu kama shingo, kitako kilichopinda kama pembe. Siku za maonyesho ya silaha kule Fort Worth, akitoka zamu yake ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, alipita meza kwa meza, mikono nyuma, kama tajiri aliye mnadani. Wazungu wenye kofia pana walimwuliza anataka ya kulenga umbali gani. Aliwajibu kwamba anataka yenye sura nzuri.

Mkewe, Spès, alimwuliza kama atanunua na risasi.

"Risasi za nini?" alisema kwa uchungu. "Mimi nafuga, sichinji."

Aliwapa mifugo wake majina ya ng'ombe wa baba yake na kuwasifia kwa sauti, sebuleni, televisheni ikiwa imezimwa kwa heshima yao. Bihogo alikuwa na kitako cha mti wa kahawia. Gaju alikuwa na makovu ya uzee, akasamehewa. Lakini malkia wa zizi alikuwa Gitare, mweupe wa nikeli, kitako cha lulumizi, amechorwa nakshi za majani kutoka mdomoni hadi kwenye kifyatulio. Gitare akifunuliwa, wageni walitakiwa kuweka chini chupa zao.

Kisha Alida akaolewa na Egide, kijana mtanashati wa Houston, mfanyakazi wa hoteli.

Kwao Burundi, mwanamume akishatoa mahari, baba wa bibi arusi naye huwarudishia wanandoa ng'ombe, ili undugu usimame imara. Huku Marekani ng'ombe wa pande zote mbili ni bahasha, na hakuna anayelalamika. Mzee Pontien alilalamika. Bahasha haina jina, alisema. Bahasha haisifiwi. Siku ya sherehe, katika ukumbi wa kanisa, alisimama mbele ya watu akafunua flaneli.

"Mkwe wangu Egide! Nakupa Gitare, mweupe asiyejua tope, anayeng'aa kabla ya jua. Akae kwako vizuri, akuzalie."

Godefroid, jirani yao Mkongo, alimwinamia Spès. "Mama Alida, ile si bunduki?"

"Ni ng'ombe."

"Aa. Kumbe Warundi muna mambo."

Vigelegele vikapaa. Padri akapata ghafla jambo la kuchunguza ndani ya sahani yake. Ukumbi mzima ulikuwa wa watu waliowahi kukimbia bunduki kwa miguu, wengine na watoto mgongoni, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Habari mbaya ilikuja baada ya mtoto kuzaliwa. Alida alimpigia mama yake simu kutoka bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa. Spès alimaliza kusikiliza, akaja kusimama mbele ya mumewe.

"Egide anamweka mezani wakila," alisema.

"Nani?"

"Gitare wako. Anamweka karibu na sahani, mdomo umemwelekea binti yako. Halafu ndipo anamwuliza alikuwa anaongea na nani kwenye simu. Amenunua risasi, Pontien. Na polisi Alida hataki, anasema kabla hawajafika yeye atakuwa amekwisha. Nenda ukaichukue."

Kudai ng'ombe uliyempa mkwe wako ni kuuvunja undugu mbele ya watu. Anayefanya hivyo husemwa mpaka kwenye mazishi yake. Mzee Pontien alitafuta njia ya kulisema jambo hilo bila kulisema. Aliitafuta njia nzima ya kwenda Houston, akaipata karibu na mwisho, akajipongeza.

Egide alimpokea nyumbani kwake, mtaa wa Gulfton, kwa adabu ambayo ungeitamani kwa mwanao. Alishuka ngazi kumbebea mfuko. Alimpa kiti kinachotazama feni. Alida aliandaa maharage na ndizi, amevaa mikono mirefu katika joto la Agosti. Gitare alikuwa juu ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma, amesuguliwa vizuri. Ilimuuma Mzee Pontien kwamba kitu cha kwanza alichofikiri ni kwamba anapendeza.

Walikula. Walisifu mvua za nyumbani. Hatimaye mzee alikohoa.

"Mkwe wangu, nimesikia ng'ombe wetu hana afya nzuri. Pengine ni majani ya huku. Nimeona nije nimchukue, akapumzike kidogo kwetu."

Egide alitabasamu. Alikuwa amelelewa na watu wa ng'ombe. Alielewa kila neno.

"Nani amekudanganya, baba mkwe? Gitare ni mzima. Tena amezaa!"

Akaingia chumbani, akarudi na rivolva nyingine, ndogo, nyeusi, ya mtutu mfupi. Akaishika kwa mikono miwili na kuinama.

"Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe. Sisi si watu wa kusahau."

Mikono ya Mzee Pontien ilinyooka yenyewe. Ndama hakataliwi. Kinywa chake kikashukuru, kikaomba zizi la mkwe lijae, kikaendelea na baraka nyingine ndefu, huku mwenyewe akikisikiliza kama kinywa cha mtu mwingine. Alida aliendelea kukusanya sahani. Moja ilianguka, na wote watatu waliitazama sakafuni.

Wakati wa kuaga, Egide aliruhusu mkewe amsindikize mgeni mpaka garini. Huko chini, kati ya magari, Alida alisema kwa haraka.

"Umeichukua?"

"Nimepewa ndama."

Alida aliitazama ile rivolva ndogo iliyokuwa kwenye kiti. "Baba, mimi sikusema habari za ng'ombe. Nilimwambia mama bunduki. *Gun*, baba."

"Ingia garini twende."

"Cécile yuko juu, amelala. Mimi nikishuka, mtoto anabaki. Ndiyo sheria yake." Alijifuta uso na ukingo wa mkono wa gauni. "Nenda tu. Ukichelewa, ataniuliza ulikuwa unaniambia nini."

Mzee Pontien alitazama dirisha la juu. Halafu akaanza kupanda ngazi, Alida nyuma yake akimnong'oneza arudi, arudi tafadhali.

"Umesahau kofia, baba mkwe?" aliuliza Egide.

"Nimekuja kuchukua bastola yangu."

"Unamaanisha Gitare."

"Bastola. Nilikupa chuma cha kuulia watu kwenye harusi ya mwanangu, na nikakiimbia. Nirudishie."

Tabasamu la Egide liliondoka taratibu, bila hasira. Alimwinua Gitare kutoka kwenye kitambaa, akalifungua lile tumbo la duara na kumwonyesha. Vichwa vya risasi viling'aa ndani, vimejaa.

"Unaona alivyonenepa? Kwako alikuwa anakonda." Akalifunga. "Anayedai ng'ombe wake amevunja undugu. Utawaambia watu nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mimi ndiye niliyevunja. Waambie hivyo, hapa na Fort Worth, waambie hata kanisani. Mimi nitaitikia."

Egide alifikiri. Alipenda sana haki, hasa ikiwa upande wake.

"Basi bebeni kilicho chenu. Binti, na mtoto, kwa kuwa ni msichana. Ng'ombe anabaki. Sikumwiba, nilipewa kwa sifa mbele ya watu."

Mzee Pontien alikuwa amekuja kwa ajili ya bastola ili binti yake aishi. Sasa alipewa binti bila bastola, na mpewaji hapaswi kukaa sana. Alida alikuwa tayari ametoka chumbani, mtoto amefungwa mgongoni, miguu bila viatu.

"Mtoto mbele," baba yake alisema. "Mlete kifuani. Wewe tangulia."

Ngazi za nje zilikuwa za chuma na nyembamba. Mzee Pontien alikuwa mtu mpana. Mizigo ya watu wengine ilikuwa imempanua kwa miaka mingi. Alijitahidi kuwa mpana zaidi. Nyuma yake alisikia viatu vya Egide vikitoka mlangoni na kusimama kwenye ukingo wa juu. Alida aligeuza shingo.

"Usinitazame mimi," alimwambia. "Tazama unapokanyaga."

"Baba, ameishika."

"Najua. Shuka."

Walishuka. Alimlaza Alida kwenye kiti cha nyuma, amemkinga mtoto, akaufunga mlango, akalizunguka gari kwa mbele polepole kama mtu asiye na haraka. Juu, Egide alikuwa ameegemea chuma cha ukingo kama mwenyeji mwema, Gitare akimeta mkononi mwake katika jua la saa kumi.

"Safari njema, baba mkwe!" aliita. "Nitakuja kuwaamkia. Naijua nyumba."

Gari likatoka getini, likapita kituo cha basi kilichojaa watu wa kazini, likapita duka la nyama na kanisa, likaingia barabara kuu.

"Tumeshatoka," Mzee Pontien alisema. "Inuka, mwanangu. Tumeshatoka."

Alida hakuinuka. "Amesema anaijua nyumba, baba," alisema kutoka chini, bado amemfunika mtoto.