Alama Kwenye Nguzo Mpya

Mvua ilikuwa imeipiga milima ya Cherangani siku tatu mfululizo, na asubuhi ile ya Agosti, mwaka wa 2007, mto Nzoia ulipita kivuko cha Mawe Tatu ukiwa na rangi ya uji wa wimbi. Wacuka alikuwa amesimama ukingoni tangu saa moja, amevaa gambuti za marehemu mumewe. Macho yake yalikwenda na kurudi baina ya vitu viwili. Mara aliitazama nguzo ya kivuko. Mara aliitazama ng'ambo, upande wa Naitiri, alikokuwa binti yake Kui ameketi juu ya mkoba, tumbo limetangulia, akingoja kuvushwa aende kujifungulia Kitale. Mimba ilikuwa ya kwanza, na kliniki walisema ni wiki hiyohiyo.

Mashua ya Mawe Tatu haikuwa na injini. Ilikuwa ya mbao, ya watu kumi na wawili, ikivutwa kwa mikono kufuata waya mnene uliokatiza mto. Mvutaji alikuwa Wepukhulu, mtu wa mabega mapana na maneno mengi. Lakini waya, gati la mawe na nguzo ya kupimia maji, vyote vilikuwa vimetunzwa na Kimotho, mumewe Wacuka, kwa miaka kumi na tisa. Alipofariki, kamati ya kivuko ilimwachia mjane wake mkebe wa grisi, ufunguo wa kufuli, na sheria moja: maji yakigusa alama nyekundu kwenye nguzo, mashua hufungwa mnyororo, hata akitaka kuvuka chifu mwenyewe.

Siku hiyo maji yalikuwa chini ya alama kwa shibiri nzima. Kila mtu aliridhika isipokuwa Wacuka.

"Mama Kui, si utupe ruhusa twende?" alisema Wepukhulu. "Msichana wako amengoja mpaka karibu aote mizizi."

"Ngoja kidogo, baba."

"Kungoja nini? Alama ya mzee si tunaiona? Iko juu, imekauka kabisa."

"Jiwe la kuanikia nguo silioni," alisema Wacuka.

Kibe, mfanyabiashara aliyekuwa na katoni ya vifaranga wa kupeleka Naitiri, aliangua kicheko. "Ati jiwe! Mama, hilo jiwe ni la masuruali. Kama ni hivyo hata hawa vifaranga wangu watuambie kama mto umejaa. Sikia, wanasema twende!"

Watu wakacheka. Wacuka hakukasirika. Alikuwa akihesabu miaka kichwani. Alifua nguo hapo tangu alipoolewa, na siku zote jiwe lile lilizama siku ileile Kimotho aliporudi nyumbani na ufunguo mfukoni akisema, leo nimefunga. Halikupata kuzama kabla ya siku ya kufunga. Sasa limezama, na alama iko kavu. Mto ulikuwa uleule na jiwe lilelile. Kitu kipya hapo kilikuwa kimoja tu.

Nguzo ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa, wakaing'oa mwezi wa Machi. Wacuka mwenyewe aliilaza kwenye nyasi kando ya mpya, ncha kwa ncha, akainakili alama kwa brashi, polepole, asikosee hata kwa unene wa ukucha. Mchungaji akaiombea. Wanaume wakachimba. Halafu jembe likagonga mwamba, na mmoja akasema, "Imetosha, hii haiendi popote." Wakaishindilia mawe, ikasimama imara, wakala githeri wakaenda zao.

Mungu wangu, alisema moyoni. Shimo.

"Kibe, simama," alisema.

"Nimefanya nini tena?"

"Umekalia nguzo ya zamani. Simama niipime."

Kweli, nguzo ile ilikuwa imegeuzwa benchi la wasafiri. Sehemu iliyokuwa ardhini zamani ilijulikana kwa weusi na njia za mchwa. Ya juu ilikuwa ya kijivu. Wacuka alichukua kamba, akaanzia kwenye alama iliyofifia akaivuta hadi mahali weusi ulipoanza, akapiga fundo.

"Chukua, Wepukhulu. Mwisho wa kamba uweke kwa alama ya nguzo mpya, halafu ufuate kamba chini. Fundo linatakiwa liguse ardhi."

Wepukhulu aliguna, akakunja suruali, akaingia majini hadi kiunoni. Akaishika kamba kwenye alama, akapitisha mkono chini ya maji akipapasa. Utani ukamtoka usoni.

"Halijafika chini," alisema.

"Labda mto umekula udongo," alisema Kibe.

"Mawe tuliyopanga yako palepale, nayagusa. Fundo linaning'inia, bana." Akapima kwa kiganja. "Shibiri mbili."

Nguzo mpya ilizikwa juujuu, kwa hiyo alama ilipanda nayo. Alama ya kweli ya Kimotho ilikuwa mahali palipokwisha kufunikwa, maji yamelala juu yake shibiri moja. Tangu Machi walikuwa wakivuka kwa kuamini mstari wa uongo, na mkono ulioupaka ulikuwa wa Wacuka.

"Ni mimi," alisema, kila mtu akasikia. "Nilipima mti, sikupima shimo. Mashua haiendi."

Kibe alichukua katoni yake akaondoka. Lakini Wepukhulu alimsogelea akapunguza sauti.

"Mama, hawa wacha warudi. Mimi peke yangu na mashua tupu nitafika. Nimtoe Kui tu. Mtu mmoja. Hiyo barabara ya kuzungukia Kimilili ni matope mpaka magoti, na hali yake unaiona."

Wacuka aliutazama mto. Mgomba mzima ulipita katikati, majani juu, ukajipinda chini ya waya ukaenda. Mikono ya Wepukhulu ilikuwa na nguvu, alijua. Ng'ambo, Kui alikuwa ameinuka, ameshika kiuno, tayari. Wacuka alitamani mtu mwingine awe na ule ufunguo.

"Angekuwa mtoto wa jirani yangu Nasambu ungeniuliza?" alisema mwishowe. "Funga, baba."

Mnyororo ulipolia, alivua kitambaa cha kichwa akakipunga kushoto na kulia, ishara ya kivuko kufungwa. Kui hakuelewa, au hakutaka. Alinyoosha mikono yote miwili kama anayeuliza. Akaita kitu, maji yakakimeza. Wacuka alipunga tena, akielekeza barabarani. Kui alisimama kitambo, kisha akabeba mkoba, akaanza kukipanda kilima hatua moja moja, akipumzika, bila kugeuka nyuma.

Wacuka aliomba njia nzima ya nyumbani, na alipofika alikosa maneno, akaomba kwa kunyamaza. Simu ililia kesho yake saa sita.

"Ni msichana," alisema Kui. Sauti ilikuwa imechakaa. "Sikufika hata Kimilili. Nimezalia dukani Naitiri, juu ya magunia. Mama mwenye duka ndiye alinishika."

"Asante Mungu. Uko mzima? Damu je?"

"Niko. Mto ulifanya nini jana?"

"Haukufanya kitu. Jioni ulianza kushuka."

"Kwa hivyo ningevuka."

"Sijui, mwanangu. Nami sitaweza kujua."

Kui alivuta pumzi ndefu. Nyuma yake mtoto alianza kulia, kilio chembamba chenye hasira.

"Nimekukasirikia sana, mama," alisema. "Lakini usikate simu."

Wacuka aliketi kwenye kizingiti, simu sikioni, akamsikiliza mtoto akilia.