Mashine Iliyokataa Jina la Waithera

Jana mashine mpya ya kuandika maziwa na kuongoza baridi ya tangi ilizima, na leo ikazima tena, mitungi ikiwa imejaa mlangoni. Kazi yangu ni kuandikisha maziwa na kuchunga tangi la kupozea la ushirika wetu hapa Molo. Nilimpigia simu Jepkemei, fundi aliyeiunda.

"Hii kitu yako ni bure," nilimwambia alipofika. "Ile ya zamani haikuzima hata siku moja."

"Habari ya asubuhi pia, mzee. Ilizima ukifanya nini?"

"Nikimwandika Waithera. Kamati ilimrudisha jana, apewe nafasi ya pili."

Waithera alikuwa pale pale, mkono juu ya mtungi wake. Alipojiunga mwezi wa pili, tukiwa bado na mashine ya zamani, alileta maziwa siku mbili tu, na siku zote mbili tangi zima likachacha. Nilisema mbele ya mkutano kwamba anatia kitu ndani, nikamwita mchawi wa maziwa. Wakamfukuza.

Jepkemei alisoma nilichoandika, akacheka. "Waithera Mke wa Gathogo wa Kona ya Dipu?"

"Tuko na akina Waithera wanne. Naandika mtu vile anajulikana."

"Jina lina nafasi ya herufi ishirini. Jirani yake kwenye kumbukumbu ya mashine ni kipimo cha baridi ya tangi. Jina likizidi, linamwagika juu ya kipimo. Mashine ya zamani iliacha tu lipite, baridi ikaharibika, na kazi ikaendelea."

Kweli. Mimi huangalia taa ya mashine tu, si kipimo cha baridi, na siku hizo mbili taa ilikuwa ya kijani.

"Na hii?"

"Programu ni ile ile, sikujua ina kosa. Lakini kwa chipu hii, ubongo wa mashine, kila sehemu ya kumbukumbu ina mpaka kama shamba. Programu ikivuka, chipu inaisimamisha. Mchoro wa chipu uko wazi kwa yeyote, ndiyo maana sisi wenyewe tuliweza kuongeza huo ulinzi."

"Kwa hivyo maziwa yake…"

"Yalikuwa mazuri, mzee."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeelewa isipokuwa sisi wawili. Niligeuka nikawaambia wote waliokuwa kwenye foleni: maziwa niliyaharibu mimi kwa mikono yangu nikiandika jina refu, si Waithera.

Waithera hakutabasamu. "Uliniita mchawi wa maziwa mbele ya watu mia moja. Hapa tuko kumi na wanne."

"Nitarudia mkutanoni Jumamosi."

"Utarudia ukiwa umesimama. Na bila kofia."

"Bila kofia."

Ndipo akaniinulia mtungi, nikampimia, nikaandika "Waithera Gathogo" tu.