Zamu ya Kwanza ya Kunguru

Katika chuo cha uuguzi walimbandika jina la Kunguru, kwa ile methali ya kunguru mwoga kukimbiza ubawa wake. Mwalimu akiuliza nani aanze kuchoma sindano, yeye alikuwa keshajificha nyuma ya mwenzake mrefu. Mitihani aliifaulu vizuri, tena wengine walimwonea gere, lakini jina lilimganda hadi nyumbani kwa mama yake mdogo, fundi cherehani aliyemlea tangu mdogo.

Baada ya chuo alizunguka na vyeti vyake hospitali hadi hospitali, soli ikaanza kulika upande. Kila alipofika aliulizwa swali lilelile: una uzoefu?

"Wanatafuta bibi harusi mwenye wajukuu," mama mdogo alisema akitunga uzi. "Endelea kubisha hodi, mwanangu. Mlango mmoja utachoka."

Mlango uliochoka ulikuwa wa zahanati ndogo ya mtu binafsi, yenye chumba cha dawa, chumba cha sindano na chumba cha wazazi chenye vitanda viwili. Mwenyewe alikuwa tabibu wa makamo, mwenye haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Vyeti hakuvitazama hata kidogo.

"Nesi wangu ameacha kazi juzi," alisema. "Fanya leo nikuone. Ukiweza, kazi yako."

Kunguru alitaka kuuliza yule nesi aliacha kwa nini, lakini mwenye shida hachagui. Akavaa gauni jeupe aliloshonewa na mama mdogo.

Asubuhi ilipita salama. Tabibu alimzalisha mwanamke mmoja, mtoto akalia vizuri, kondo la nyuma likatoka. Mchana tabibu akachukua funguo za gari.

"Natoka kidogo. Hakuna kazi hapo, ni kumwangalia tu."

"Daktari, nitabaki na nani?"

"Utabaki na cheti chako," akajibu akicheka, akaondoka.

Kunguru alibaki na mzazi, kichanga, na mama mkwe wa mzazi aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akikunja nguo za mtoto. Ukimya wa ile nyumba ulimkaa kifuani. Kila baada ya muda alichungulia chumbani, akarudi, akachungulia tena.

Safari moja alimkuta mzazi amefumba macho, midomo imepauka.

"Dada, unajisikiaje?"

"Nasikia baridi tu."

Nje jua lilikuwa likiwaka. Kunguru akafunua shuka. Damu ilikuwa imelowesha kanga aliyolalia, ikapita kwenye godoro, na ilikuwa bado ikija, kimyakimya, bila haraka.

"Damu ya uzazi hiyo, ni kawaida," mama mkwe alisema bila kuinuka.

Kunguru alitamani atokee mtu wa kusimama mbele yake. Akampigia tabibu, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa vilevile. Ndipo alipoelewa kwamba nyuma ya mtu hakuna pa kujificha, kwa kuwa mtu mwenyewe hayupo.

Akaweka kiganja chini ya kitovu cha mzazi. Mfuko wa uzazi, ambao ulipaswa kuwa mgumu kama ngumi, ulikuwa laini kama unga uliozidi maji. Akaanza kuusugua kwa nguvu. Mzazi akalia kwa maumivu.

"Unamuumiza!" mama mkwe alisimama.

"Mama, damu hii si ya kawaida. Nikiacha atakufa." Sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Nakuomba uweke mkono wako hapa, usugue hivi hivi, usiache."

Yule mama alimtazama usoni, akaiona hofu iliyokuwamo, na pengine ndiyo iliyomfanya aamini. Akasugua.

Kunguru alikimbilia friji ya dawa. Vichupa vya sindano ya kukaza mfuko wa uzazi vilikuwa viwili tu. Cha kwanza kilimponyoka, kikapasuka sakafuni. Alisimama akikitazama, machozi yakimlenga. Akakishika cha pili kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba yai, akakivunja shingo, akavuta dawa, akamchoma mzazi pajani. Akatundika dripu. Mshipa wa kwanza aliukosa, wa pili akaupata. Akamsaidia mzazi kutoa mkojo, maana kibofu kilichojaa huzuia mfuko kukaza, akamweka mtoto ziwani, kisha akapokea kusugua kutoka kwa mama mkwe huku akimsihi atoke akatafute gari.

Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko miaka ya chuo. Kidogo kidogo kile kitu chini ya kiganja chake kikaanza kujikusanya, kikakaza. Damu ikapungua. Hata hivyo hakuondoa mkono, hata ndani ya gari la jirani, mpaka wakunga wa hospitali kubwa walipompokea mgonjwa.

Mzazi alipona. Jioni tabibu alimkuta Kunguru amerudi zahanati, akipiga deki.

"Nimesikia. Kazi umeipata."

"Sitaki, daktari," alisema. "Sitabaki peke yangu na mzazi tena. Nimeogopa sana. Tafuta mkunga mzoefu wa kukaa na mimi, nitarudi."

"Wenye vyeti wanaotafuta kazi wamejaa mitaani."

"Najua. Nimetoka huko."

Alirudi nyumbani bila kazi. Mama mdogo alisikiliza hadithi yote, cherehani imenyamaza, asimlaumu hata kwa neno.

Wiki ya pili tabibu akampigia simu: amepata mkunga mstaafu, mwanamke mkali, na huyo mkunga amekataa kuanza bila msaidizi. Kunguru akaenda. Hofu ilikwenda naye, ikakaa naye kazini. Asubuhi ya kwanza, kabla hata ya kumwamkia mkunga vizuri, alikuwa keshafunua shuka la mzazi aliyelala pale, kiganja chake kikitafuta chini ya kitovu.