Kiti cha Nyuma ya Pazia

Jumamosi ile baba alimnyoa mteja wake wa mwisho harakaharaka, akamwachia kichaka kidogo nyuma ya sikio, akafunga kibanda chake cha kinyozi na kuvaa shati lake la kwendea kwa watu. Mama alikuwa ameshajipaka mafuta, anasubiri mlangoni na mkoba kwapani. Walikuwa wanakwenda kumnunulia Mtoto klarineti.

Mtoto alikuwa na miaka kumi, lakini jina hilo lilikuwa limemganda tangu azaliwe, kama dada yake wa miaka kumi na mitatu alivyogandwa na jina la Dada. Hata wazazi walimwita hivyo. Dada, lete maji. Dada, mwangalie mwenzako. Ungedhani alimtangulia mama yake kuzaliwa.

"Na wewe vaa viatu, Dada," mama alisema. "Twende ukatusaidie kuchagua. Sisi tunajua nini?"

Dada alijua. Tangu siku mwalimu wa bendi ya shule alipopuliza klarineti mbele ya wanafunzi wote, akasema mwenye chombo chake anakaribishwa, Dada hakutamani kitu kingine duniani. Aliomba, baba akasema tutaona. Akaomba tena, baba akasema si nilisema tutaona? Akawa anazoeza vidole vyake kwenye mpini wa mwiko, na mboga zikaungua mara nyingi mpaka mama akamtania kwamba ataolewa na zimamoto. Kisha jioni moja Mtoto, ambaye mwezi uliotangulia alitaka baiskeli na kabla ya hapo mbwa, akasema na yeye anataka klarineti. Baba akasema sawa.

Nyumba hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kila kipya kilianza kwa Dada, kikimbana kinashuka kwa Mtoto: sare, viatu, begi, hadi soksi. Baba alikuwa akiufikiria utaratibu huo kwa muda mrefu na ulimkosesha raha.

"Haki ni haki," alimwambia Dada. "Vipya vyote umeanza wewe. Safari hii kianze kwa mwenzako. Akikichoka, utakirithi."

Aliyasema hayo kwa moyo mweupe kabisa. Hakuna aliyekumbuka kwamba sare na soksi Dada hakuziomba. Dada akaitikia ndiyo baba. Wivu ukamkaa kooni kama tonge kavu, akaumeza, na ulipofika chini haukusagika.

Duka la ala za muziki lilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na ngazi zake zilinuka rangi. Mwenye duka, ambaye pia ndiye aliyekuwa fundi, aliwapangia klarineti mbili juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya plastiki, inang'aa, imelala kwenye kisanduku chenye mahameli nyekundu. Ya pili ilikuwa ya mpingo, kuukuu, na kibonyezo chake kimoja kilikuwa kimebadilishwa. Baba aliitazama ile ya pili kama anavyotazama kichwa kilichonyolewa na mtu mwingine.

Dada akaichukua ile ya plastiki. Aliziba matundu yote kwa vidole, akaziba chini kwa goti, akafyonza hewa kwa juu, maana hivyo ndivyo mwalimu wa bendi alivyokuwa akipima. Klarineti nzima hushika ulimi. Hii haikushika chochote; hewa iliingia mahali fulani, taratibu, kama kwenye dirisha bovu. Akafanya hivyohivyo kwenye ya mpingo, nayo ikamkamata ulimi mpaka ikabidi auchomoe.

"Hii hapa," akasema, akiwaonyesha ya plastiki. "Hii ndiyo nzuri."

Roho yake ilitulia kidogo alipolisema hilo. Apate basi, aliwaza. Apate iliayo kama bata.

Mtoto hakuhitaji kubembelezwa, alikuwa ameshaanza kupapasa mahameli. Fundi akamfungia kile kipande chembamba cha tete mdomoni mwa klarineti, akamwonyesha namna ya kuuma, Mtoto akapuliza. Klarineti haikutoa sauti. Sauti ilitoka kinywani mwa Dada. Ilikuwa mbaya sana, nusu bata nusu bawaba, na ilitoka muda wote Mtoto alipopuliza, ikakatika alipopumua.

"Tena," fundi akasema. Mtoto akapuliza tena, na Dada akalia tena, mikono ikiwa imening'inia tu.

"Imehamia kwa huyu," fundi akasema huku akifuta miwani. "Hutokea. Nina mteja mmoja, mjukuu wake anapiga tarumbeta sebuleni, sauti inatokea kwa bibi jikoni. Mwaka wa tatu sasa."

"Ina madhara?" mama akauliza.

"Madhara hakuna. Ila wasiwe mbalimbali. Wakitengana zaidi ya vyumba viwili, sauti inachelewa."

"Watakuwa mbalimbali waende wapi?" mama akasema. "Si ndugu?"

Dada akamtazama baba. Ilikuwa wazi kama jua: klarineti ilikuwa imesema yenyewe ni ya nani, mbele ya fundi na mbele ya wazazi, kilichobaki ni mtu mzima mmoja kufungua mdomo na kukubali. Baba alikuna kidevu. Alikuwa anafikiri kweli.

"Basi hapo, Dada, chagua vizuri," akasema mwishowe, "maana wewe ndiye utakayesikika."

Fundi akampa Mtoto ile ya mpingo. Mtoto akapuliza, na kinywani mwa Dada ikatoka sauti moja ndefu, nzito, ya joto, iliyojaza chumba na kushuka ngazi. Chini kwenye duka la rangi mtu aliacha kukoroga. Dada hakuwahi kujua kwamba ana kitu cha namna hiyo ndani. Machozi yakamtoka.

"Hii," akasema.

Mtoto naye akalia, kwa sababu aliitaka mahameli nyekundu. Fundi akabadilisha visanduku, baba akalipa, wakarudi nyumbani.

Siku za kwanza zilikuwa na usumbufu wake. Mtoto alipenda kufanya mazoezi wakati Dada anakunywa chai. Akitumwa dukani, noti za muziki zilimfuata na kumtoka mbele ya muuzaji, ambaye alikuwa akiuliza, "Unasemaje?" na Dada anaomba sabuni katikati ya noti mbili. Mtoto alikuwa mvivu na vidole vyake vilikuwa vizito, kwa hiyo Dada alilazimika kumfundisha ili asiaibike mwenyewe. Inua kidole cha pete. Usikaze shavu. Alimwonea gere mpaka kwenye kucha. Alivitazama vile vidole vifupi juu ya vibonyezo, akatamani avikate avishone mikononi mwake, kisha akamwambia arudie.

Alasiri moja, nyumba ikiwa tupu, aliifungua klarineti akapuliza mwenyewe. Hakukuwa na kitu. Alihisi sauti ikipanda kifuani, ikifika mdomoni na kukuta mdomo umeziba klarineti, ikageuka na kurudi ilikotoka. Akaifuta, akairudisha kwenye mahameli.

Alijaribu pia kufunga mdomo wakati Mtoto anapuliza. Noti zilirundikana ndani yake na kumtikisa meno, na kesho yake zikamtoka zote kwa pamoja katikati ya somo la hesabu. Mwalimu wa hesabu akamwambia akamalizie nje.

Mwalimu wa bendi alipoelezwa jambo hilo, hakuona tatizo. Alimpokea Mtoto kwenye bendi, na siku ya onyesho la shule akaweka kiti nyuma ya pazia, karibu na ndoo ya deki.

"Wewe utakaa hapa," akamwambia Dada. "Ukae wima, usikohoe."

Ukumbi ulijaa. Kupitia tundu la pazia Dada aliwaona baba na mama mstari wa mbele, baba na lile shati lake. Aliona mgongo wa Mtoto na gauni lake jipya, lililoanzia kwake, si kwa Dada. Mwalimu akatangaza jina la Mtoto, lile la shuleni, na watu wakapiga makofi kabla hata ya kusikia chochote. Hapo wivu ulimpanda Dada mpaka masikioni. Akafunga mdomo, akaubana kwa viganja viwili. Leo mtamsikia, aliwaza. Leo mtamsikia mwenyewe.

Mtoto akapuliza. Vidole vikatembea, mashavu yakafanya kazi, na ukumbi haukusikia kitu. Mtu akasogeza kiti. Mtoto akaendelea kidogo, kisha akageuza shingo kutazama pazia, macho yamemtoka. Dada hakumwonea huruma. Alifurahi, na alijua kwamba anafurahi.

Lakini vidole vya Mtoto viliendelea, maana Dada alimfundisha asisimame hata akikosea, na wimbo ulikuwa unakaribia pale unaposhuka chini kabisa, kwenye ile sauti nzito ya siku ya dukani. Dada hakuwahi kuiacha ipite. Kila siku aliingoja pale. Ilimsukuma kutoka chini ya mbavu, akakaza viganja, ikasukuma tena, na akajua kwamba akiibana hii atakuwa amejinyima mwenyewe, kwa sababu klarineti nyingine hana. Akaondoa mikono, akafungua mdomo wote.

Watu walisimama. Baba alitoa leso, shati likiwa limeshalowa machozi. Mtoto aliinama mara tatu kama alivyofundishwa, akapewa maua.

Mama akapita nyuma ya pazia na glasi ya maji. "Mwanzoni umechelewa kidogo," akamwambia Dada, "ila baadaye umejitahidi. Haya kunywa, halafu mbebee mwenzako klarineti. Amechoka."

Njiani Mtoto alitembea katikati ya wazazi na maua yake. Dada alifuata nyuma na kisanduku. Kidogo kidogo Mtoto akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Ulifunga mdomo," akanong'ona.

"Nilifunga."

"Usinifanyie tena."

Dada akahamishia kisanduku mkono wa pili.

"Mwalimu anasema mwakani Mtoto atahitaji kubwa zaidi ya hiyo," baba akasema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyeshiba furaha. "Utakuja utusaidie kuchagua, Dada."

"Nitakuja, baba," Dada akasema, na akaanza kuzoeza vidole juu ya mfuniko wa kisanduku.