Kiti Ambacho Babu Hakukikalia

Kiti kililetwa kwa fundi kikiwa kimefungwa blanketi kama mgonjwa. Fundi mwenyewe, mama wa makamo mwenye vidole vilivyoota sugu, ndiye pekee aliyebaki mjini akisuka viti kwa henzirani, zile fito nyembamba zinazolowekwa majini mpaka zilegee. Mtunza makumbusho alimwambia aharakishe. Jumamosi wageni wanakuja, na mgeni rasmi atakalishwa hapo hapo, kwenye kiti cha Bwana Mkubwa wa enzi za wakoloni. Kibao cha shaba kilikuwa tayari: "Kililetwa kwa meli kutoka ng'ambo."

Akasuka siku tatu. Siku ya tatu akakipindua apige msasa kwa chini. Ubao wa ndani ulikuwa na mikato mitatu na nukta moja iliyochomwa kwa moto.

Hakuhitaji kuuliza mtu. Alama hiyo hiyo ilikuwa kwenye mpini wa nyundo yake, nyundo ya babu yake mzaa mama.

Ndipo bibi yake, mke wa babu huyo, akamrudia masikioni. Alikuwa na kitendawili kimoja alichokitega baada ya kuchungulia mlangoni: "Nina miguu minne, siendi popote. Aliyenizaa hakunikalia." Watoto wakisema ni kiti, anatikisa kichwa: "Kiti kipi?" Wakishindwa, anadai mji, kama wadaivyo wote watega vitendawili. Walimpa miji yote waliyoijua, hata huu wanamoishi. Akaipokea yote, jibu asitoe. Akafa nalo.

Kumbe hakuwa akicheza. Alikuwa akiogopa masikio ya wakubwa.

Mtunza makumbusho alipokuja, fundi alimwonyesha alama, akamwonyesha na nyundo.

"Kibao kibadilishwe, mwanangu. Babu yangu ndiye aliyekitengeneza."

Kijana akacheka, akapangusa miwani. "Mama, wewe nawe! Bwana Mkubwa akalie kazi ya fundi wa kichochoroni?"

"Alikikalia, na hakikuvunjika. Hiyo suruali yako imeshonwa wapi?"

Kijana akakohoa. "Si kwamba sikuamini, mama. Lakini tukisema ni cha kwetu, nani atakuja kukitazama? Ziba hizo alama kwa gundi na unga wa mbao, upake vanishi. Gari linakuja kesho asubuhi."

Afadhali angemtukana. Fundi alibaki na kopo la gundi mapajani. Akiziba, nani atajua? Akaliweka kopo chini, akachukua kisu.

Asubuhi kijana akaja na gari, akakuta kiti kina mgongo na miguu, katikati tundu tupu. Henzirani zote zilikuwa zimeviringwa pembeni.

"Mama! Mgeni rasmi atakaa wapi?"

"Nimetoa kilicho changu. Kama kimetoka ng'ambo, kasukisheni huko huko."

"Umenimaliza, mama."

"Ngoja nikutegee, baba. Nina miguu minne, siendi popote. Aliyenizaa hakunikalia."

"Sina muda wa vitendawili!"

"Basi nipe mji."

Kijana akageukia gari. Kisha akaamuru kiti kipakiwe. Safari hii hawakukifunga blanketi.

Fundi alisimama mlangoni na nyundo yake mpaka gari likapinda kona. Kusuka kunahitaji fundi, na fundi ni yeye. Lakini kuziba mikato mitatu na nukta, hilo mtu yeyote anaweza.