Mizizi Aliyoikata Isamu

Isamu alikuwa mwanamume aliyeoa akahamia ukweni. Ukoo wa Kuroiwa haukujaliwa mtoto wa kiume, wala haukutaka jina lake lipotee pale kijijini Kamihata. Kwa hiyo siku alipomwoa Kinuyo aliliacha jina la baba yake, akachukua la mkewe, akaingia na sanduku lake katika nyumba ambayo neno la mwisho lilikuwa la mama mkwe, Bi Tsune.

Maisha hayo aliyazoea. Mchana alikuwa fundi wa reli, anabadilisha mataruma na kukaza misumari kati ya kituo cha bondeni na handaki la mlimani. Jioni anakula, anaoga, analala. Kitu kimoja tu hakukigusa miaka yote hiyo, nacho ni mfuji wa uani. Huo ulikuwa mmea unaotambaa, shina lake nene kama kiuno cha mtu na limejisokota kama kamba. Matawi yake yalikuwa yametandaa juu ya kichanja cha mianzi kikubwa kuliko nyumba yenyewe. Ulikuwa chini ya mikono ya baba mkwe, mzee Yoshimatsu, na kila mwanzo wa Mei ulishusha mashada ya maua ya zambarau hadi yakamgusa mtu kichwani. Kijiji kizima kilikuja kusherehekea chini yake.

Kisha mzee Yoshimatsu akafariki, na mfuji ukawa wa Isamu.

Aliutunza kwa moyo wote. Kwa kuwa alikuwa mtu wa reli, aliyependa kila kitu kinyooke, kila Julai kabla ya sikukuu ya wafu alipanda ngazi na mkasi akaupunguza mfuji mpaka kichanja kikawa sawasawa kama meza. Bi Tsune naye alisema mti una njaa, ukiachwa hivihivi utakonda. Basi kila masika Isamu akauzungushia samadi ya kuku, toroli baada ya toroli. Mfuji ukanenepa. Ukatoa majani ya kijani kibichi kiasi kwamba uani kukawa giza mchana. Ua halikuonekana hata moja.

Mwaka wa kwanza watu walisema mti unaomboleza. Mwaka wa pili wakanyamaza. Miaka iliyofuata sherehe ikahamishiwa uwanja wa shule, na Torakichi, kinyozi wa kijiji na mwenyekiti wa sherehe, akawa kila akimnyoa Isamu hakosi la kusema.

"Bwana Isamu, majani yako mwaka huu yamefana," alimwambia siku moja huku ameshika wembe shingoni mwake. "Ungefuga mbuzi."

Wateja waliokuwa wakingoja wakacheka, na Isamu, kwa kuwa wembe ulikuwa shingoni, hakuweza hata kutikisa kichwa.

La nyumbani ndilo lililomuuma zaidi. Bi Tsune hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikaa barazani na kikombe chake cha chai, akautazama mfuji, kisha akamtazama mkwewe. "Marehemu alikuwa haufanyii chochote," akasema, "nao ulikuwa unachanua mpaka unaziba jua. Wewe unaubembeleza kutwa, umekununia."

Isamu alilichukua neno hilo kama lilivyokusudiwa. Alikuwa amekwisha kustaafu reli wakati huo, na mtu aliyestaafu hana pa kukimbilia.

Mwezi Mei mmoja alipanda mlimani kutafuta machipukizi ya mianzi ya kupika, akajikuta karibu na handaki aliloshughulika nalo ujana wake wote. Juu ya mdomo wa handaki kulikuwa na mwamba mtupu, na juu ya mwamba mfuji wa porini. Hakuna aliyeupanda, hakuna aliyeupogoa, wala haukuwa na udongo wa kujaza ndoo. Ulikuwa umejipenyeza katika nyufa za mawe, umebanwa kila upande, nao umechanua zambarau tupu kutoka juu hadi chini, na nyuki wanavuma ndani yake.

Isamu akakaa kwenye jiwe. Aliutazama mti ule muda mrefu, machipukizi ya mianzi yakianza kunyauka kikapuni. Huu mti hauna kitu, aliwaza, ndiyo maana unahangaika kuzaa. Ule wangu umeshiba, utahangaikia nini? Mzee Yoshimatsu hakuwa na siri yoyote. Hakuufanyia chochote kwa sababu alijua akiulisha utalala.

Kuanzia siku hiyo samadi ilikoma, na Julai mkasi haukutoka stoo. Lakini mfuji ulikuwa umelewa shibe ya miaka, ukazidi kurefusha vitawi hadi vikaifikia eriali ya jirani. Ilipofika baridi, majani yalipokwisha kuanguka, Isamu akatoka asubuhi na sululu, jembe na msumeno, akachora mviringo ardhini kulizunguka shina, hatua kadhaa kutoka lilipo, akaanza kuchimba.

Bi Tsune akasimama barazani. "Unafanya nini?"

"Nataka kukata mizizi, Mama."

"Mizizi ya nini?"

"Ya mfuji."

"Mfuji wa nani?"

Isamu alimweleza habari za mwamba na handaki, taratibu, akiwa bado ameshika sululu. Bi Tsune alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani. Isamu akadhani amekubali. Mara akamwona anatoka na kigoda na mto wa kukalia, akavuka uani kwa vihatua vyake vya mtu mwenye miaka zaidi ya themanini, akakiweka kigoda juu ya ule mstari uliochorwa, akakaa.

"Chimba," akasema. "Anza na mimi."

Kinuyo alitoka kumbembeleza mama yake, akaambulia kutumwa chai. Bi Tsune akainywa palepale, amejifunika blanketi, mvuke wa kikombe unampanda usoni. Isamu alifikiri kuacha. Halafu akamkumbuka Torakichi na mbuzi wake, akajiona jinsi atakavyokufa akiwa mtunza majani, akahamia upande wa pili wa shina na kuendelea kuchimba. Mizizi mingine ilikuwa minene kama mkono. Kila msumeno ulipolia, Bi Tsune alifumba macho.

Jua lilipoanza kushuka mtaro ulikuwa umelizunguka shina nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa na bibi juu yake.

"Ukiukausha, Isamu," alisema alipokuwa akiinuliwa, "hapa ndani hapatakutosha."

"Ukikauka, Mama, hutahitaji kunionyesha mlango."

Masika yaliyofuata yalikuwa mabaya. Majani yalitoka machache, madogo, ya manjano kama mgonjwa wa ini. Torakichi aliacha kabisa utani, akawa anamnyoa Isamu kimya na kwa upole, na upole huo ulimwumiza kuliko mbuzi. Majirani waliopita nje ya ua walishusha sauti kama wanapita kwenye msiba. Isamu hakuongeza samadi, wala hakukata kitu majira ya joto. Wakati mwingine Kinuyo alimkuta amesimama uani ameweka kiganja kwenye shina. Basi alirudi jikoni akapika kile mumewe anachokipenda, tambi nyeusi za ngano ya mlimani, bila kumuuliza.

Baridi ikarudi. Siku moja Isamu alipanda ngazi kupogoa matawi yaliyokauka, akashika tawi bichi la kwanza, akatafuta macho yake, yale yatakayochipua masika. Alijua macho ya majani yalivyo: membamba, yamechongoka, yamejilaza kwenye tawi. Aliyoyaona hayakuwa hayo. Yalikuwa mafupi, yamevimba, yametuna kama tumbo la kiwavi aliyeshiba. Akasogea tawi la pili. Vilevile. Akatambaa juu ya kichanja kizima kwa magoti, mzee kama yeye, na kila alipoweka mkono palikuwa na kitumba cha ua.

Alishuka, akairudisha ngazi stoo. Hakumwambia mtu, maana baridi ya kuchelewa ingeweza kuvichoma vyote. Alikula chakula cha mchana na kuomba bakuli la pili, jambo ambalo Kinuyo hakuwa ameliona tangu msiba wa baba yake.

Mwezi Machi ulipokuwa unaelekea kwisha, asubuhi moja aliamshwa na kelele za bati. Alitoka na nguo za kulalia. Bi Tsune alikuwa uani juu ya kigoda chake, amevaa koti la marehemu mumewe, anapiga sufuria kwa upawa, na kundi la shomoro linaruka kutoka kwenye kichanja.

"Kuna nini, Mama?"

"Ndege."

"Wamefanyaje?"

"Wanakula maua yangu." Akapiga tena sufuria. "Unadhani ni wewe peke yako mwenye macho? Nimeishi na mti huu miaka sitini. Nilijua kabla hujapanda ngazi. Kavae, utapata homa."

Tangu siku hiyo waligawana zamu. Bibi alilinda asubuhi, mkwe alasiri. Kijiji kilisikia sufuria ya Bi Tsune kuanzia chai ya kwanza, na wengi waliamini kwamba msiba wa mti umempanda kichwani.

Kisha mashada yakaanza kushuka. Kwanza yalikuwa kama mikia midogo ya kijivu. Yakarefuka shubiri, yakarefuka mkono, na juu yake maua yakafunguka mstari kwa mstari kuteremka chini, zambarau iliyoiva karibu na tawi na nyepesi nchani, mpaka kichanja chote kikawa kama mvua iliyosimama hewani. Harufu ilivuka barabara. Basi la asubuhi lilisimama mahali pasipo na kituo, na hakuna abiria aliyelalamika.

Torakichi alikuja na wajumbe wake wote wa sherehe, wamevaa makoti, akainama pale mlangoni hadi kipara chake kikaonekana. Alieleza kwa maneno mengi kwamba uwanja wa shule una vumbi. Isamu alimwacha amalize, na aliufurahia kila mzunguko wa hotuba ile. Mwisho akamwambia waje.

Walikuja wote. Mikeka ilitandikwa uani, wali uliopikwa na maharage mekundu ukatolewa, machipukizi ya mianzi, samaki wa kuchoma, pombe ya mchele. Wazee waliofanya kazi na Isamu relini walipanda kutoka bondeni, na Bi Tsune akawa anawapitisha chini ya maua mmoja mmoja, akiwaeleza jinsi mambo yalivyokuwa.

"Tukaona umeshiba mno," alisema. "Tukakata mizizi."

"Mlikata na nani, bibi?" Torakichi akauliza. "Si ulikuwa umeukalia mtaro?"

Kicheko kikapanda. Ndipo Isamu akasimama, ingawa hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Alisema kwamba ni kweli Mama aliukalia mtaro, na ni bahati yao wote. Siku ile alikuwa na hasira za miaka, na angeachwa angekata mizizi yote kwa mkupuo, na leo wangekuwa wamekalia kuni. "Nusu niliyoikata mimi ndiyo iliyouamsha," akasema. "Nusu aliyoikalia yeye ndiyo iliyoubakiza hai."

Watu wakapiga makofi mpaka petali zikaanguka. Bi Tsune, ambaye hakuzoea kusifiwa, akamgeukia Kinuyo na kumwambia supu inapoa. Halafu akachukua chupa mwenyewe, akapiga magoti mbele ya Isamu kwa shida, akammiminia kikombe cha kwanza mbele ya kijiji kizima.

"Kunywa, mwanangu," akasema.

Isamu akanywa. Akauanza wimbo wa kunyanyua reli, ule ambao genge la mafundi hupeana pumzi nao ili chuma kizito kipande mabegani kwa pamoja. Wenzake wa zamani wakaudaka kabla hajamaliza mstari, wakapiga mapaja, kinyozi akaingia kati bila kujua maneno, na juu ya vichwa vyao nyuki hawakuacha kazi hata kidogo.